Firigisi ya Ijumaa

Siku hizi firigisi zinauzwa kwa treyi. Nilizikuta juzi supamaketi, karibu na soseji, zimepangwa thelathini hivi chini ya nailoni, nikasimama hapo na kikapu changu mpaka mama mmoja akaniambia, "Dada, si upite?" Firigisi thelathini! Nyinyi mliolelewa upande wetu wa Bungoma mnajua kuku mmoja ana firigisi moja tu, na hiyo moja ina mwenyewe hata kabla kuku hajashikwa. Nilibeba treyi kwa hasira, sijui hasira ya nani, nikaenda nikazikaanga na kitunguu na dania. Nyumba ikanukia vizuri. Nikaketi nazo mezani na sikuweza kumeza hata moja, maana harufu ile ilinirudisha Kitale, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Kwetu Kabuchai firigisi ilikuwa ya Baba. Baba alikuwa akifanya kazi Webuye, na kila Ijumaa jioni alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti chake nje, akavua viatu. Kuku alichinjwa kwa sababu yake. Mama alimnyonyoa, akampika, akapakua, na firigisi ikakaa juu kabisa ya bakuli la Baba pahali ambapo kila mtu angeiona. Kuna Ijumaa moja ilikosekana. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alituita wote sebuleni tuhojiwe, na paka naye akaitwa. Ikapatikana chini ya sufuria, imezama kwenye mchuzi. Mama aliomba msamaha kama mtu aliyeshikwa na mali ya serikali.

Mama hakuwa wa huko. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliofika Trans-Nzoia zamani, wakalima, wakafuga ng'ombe wa maziwa, na yeye akazaliwa na kukua nje kidogo ya Kitale. Alisomea ushonaji mjini hapo, na ni hapo Baba alipomwona. Alipoolewa alikuja Kabuchai na vitu viwili alivyovipenda: cherehani yake ya miguu na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Baadaye wazazi wake waliuza shamba wakarudi Nyandarua, na Kitale hakubakiwa na mtu ila rafiki yake mmoja, Auntie Wanja, fundi kama yeye.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la pili, na mambo mawili yalitokea karibu wakati mmoja. La kwanza, senge yangu, dada yake Baba, aliolewa Lugulu, na Baba akampa cherehani ya Mama awe ameenda na kitu. Hakumwuliza Mama. Nakumbuka wanaume wawili wakiibeba kupitia kwenye ndizi, ile pedeli ikijizungusha yenyewe, na Mama akiwa amesimama na uzi mdomoni. La pili, kideri kiliingia kijijini kikamaliza kuku. Asubuhi moja tulikuta kumi na wawili wamelala chali, na wiki iliyofuata hapakuwa na hata jogoo wa kutuamsha. Mimi, kwa akili zangu za miaka saba, niliona la pili ndilo janga. Ijumaa ingefika, na Baba angekula nini?

Kwa hivyo Ijumaa hiyo Mama aliponiamsha gizani, akanivalisha gauni la kanisa na kuniambia, "Leo huendi shule, tunaenda Kitale," nilielewa mara moja. Tunaenda kumtafutia Baba kuku. Mambo yote yalikubaliana na hilo. Mama alikuwa na begi kubwa, la kubebea kuku, sasa lingine la nini? Nilichungulia ndani nikaona mkasi wake, wa kumkatakata huyo kuku, nikaona nguo zangu, za kumfungia asipige kelele kwa gari. Kadi yangu ya kliniki nayo ilikuwa humo, na hiyo peke yake ndiyo ilinishinda, lakini sikuuliza. Mtoto aliyeachishwa shule haulizi maswali mengi.

Kitale! Jamani, Kitale ya wakati huo. Kulikuwa na baridi ile ya asubuhi ya kutoa moshi mdomoni, na mitaa ya zamani ina maduka yenye varanda ndefu na nguzo, unatembea kivulini kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho bila jua kukugusa. Yalinukia vitambaa vipya, mafuta taa na mahindi ya kuchoma, yote pamoja. Lakini kilichonishangaza zaidi ni jinsi Mama alivyotembea. Kabuchai Mama hakutembea, alikimbia: maji, kuni, shamba, mtungi kichwani na kikapu mkononi. Hapa alitembea polepole, begi begani, akisimama kwa kila dirisha la duka kama mtu ambaye hakuna gari litakalomwacha. Alinionyesha mahali aliponunuliwa viatu vyake vya kwanza. Alinionyesha ngazi alizoangukia akang'oka jino. "Lile jino liko hapa hapa Kitale," akaniambia, na nikaanza kulitafuta chini.

Tulikunywa chai kwanza, katika kihoteli chembamba chenye benchi, chai nzito ya maziwa na mandazi mawili kila mtu. Mawili! Nilikula moja nikaficha la pili kwenye mfuko wa gauni. Mama aliliona akasema, "Kula, mami. Leo hatuwekei mtu." Nilidhani anatania.

Kutoka hapo tulienda kwa Auntie Wanja. Duka lake lilikuwa mwisho wa varanda, limejaa sare za shule, na yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sentimita ya kupimia nguo shingoni na kicheko cha kuita majirani. Alimkumbatia Mama kwa muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuona aibu. Wakaongea Kikikuyu, ambacho sikukijua. Kisha akanigeukia. "Kumbe ni huyu? Mkubwa hivi! Kuja nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo. Kulikuwa na cherehani nyeusi imefunikwa na kitambaa, na kando yake kitanda kimetandikwa shuka la maua, kikiwa na mito miwili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Auntie Wanja aliupigapiga ule mdogo. "Huu nimeshona na mabaki ya sare. Umeupenda?"

Nikasema ndio, nikashukuru, kisha nikaona nimweleze ukweli. "Lakini sisi hatulali mchana."

Wakaangaliana wale wawili. Mama aliweka mkono juu ya cherehani, akalizungusha gurudumu lake mara moja, akasikiliza. "Bado iko laini," alisema. Auntie Wanja akamjibu kwa Kiswahili, nafikiri ili nami nisikie, "Inakungoja tu. Zungukeni mji, mle, mtoto azoee. Mkirudi mtanipata."

Tukazunguka. Tulienda mpaka stesheni ya reli, ambako nyasi zilikuwa zimeota katikati ya vyuma, na mbuzi wawili walikuwa wanakula pale ambapo watu walikuwa wakisubiri gari moshi. Mama aliniambia babu yake alishuka hapo akiwa na blanketi moja na watoto wanne, akatafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu. "Reli imeishia hapa," akasema. "Ukifika Kitale umefika." Tulitembea juu ya chuma, yeye huu, mimi ule, tukishikana mikono katikati. Mama yangu, mke wa watu, akitembea juu ya reli na kucheka! Ningetaka Kukhu aone, halafu nikashukuru kwamba hayuko.

Tukaenda makumbusho. Huko nje, chini ya miti, walikuwa wamejenga nyumba za watu wa makabila mbalimbali, za udongo na nyasi, na nilipoiona ya Wabukusu nikapiga kelele, "Mama! Kwa Kukhu!" Kweli ilikuwa vile vile, mpaka mtungi wa maji mlangoni. Mama akainama akachungulia ndani. "Haki ya Mungu," akasema, "nimetoka alfajiri, nimetembea mji mzima, nimelipa kiingilio, na bado nimeletwa kwa mama mkwe." Akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Alifuta macho kwa leso kwa muda mrefu kidogo kuliko ule wa kicheko, lakini hayo nayajua sasa.

Miguu ilikuwa inaniuma, na wasiwasi ulikuwa umenianza. Jua lilikuwa limepita utosini na hatujamwona kuku hata mmoja. Tulipita sokoni, na kuku walikuwa pale, wamefungwa miguu, wananiangalia, na Mama akawapita kama hakuwaona. Nikamvuta gauni. "Mama, kuku."

"Tunaenda kula kuku," akasema. "Ngoja uone."

Hoteli ilikuwa ghorofani, na sakafu yake nyekundu ilikuwa imepigwa polishi mpaka ukaiona sura yako. Kulikuwa na meza dirishani, na Mama akaenda moja kwa moja kwenye hiyo. Weita alikuwa mtu wa makamo mwenye koti jeupe, na alipofungua mdomo tu nilijua ni mtu wa kwetu. "Kalibu, mama. Kalibu, msichana. Mtakula nini?"

"Kuku ya kienyeji."

"Iko. Lobo ama nusu?"

"Nzima."

Akatuangalia, akaangalia mlangoni kama kuna wengine wanakuja. "Nzima bana? Nyinyi wawili?"

"Nzima. Na firigisi yake iwe ndani, nisisikie ati imebaki jikoni."

"Aa, mama!" Weita aliweka mkono kifuani, akaitaja firigisi kwa lugha ya kwetu. "Imondo ya mtu siwezi kugusa mimi."

Basi nikatulia. Kumbe Mama alikuwa na mpango wake. Kule sokoni ni wabichi, na huyu angekuwa ameshapikwa, tunambeba kwa begi, tunafika nyumbani Baba anapakuliwa tu. Nilimwona Mama ana akili sana.

Tukiwa tunangoja aliniambia hadithi. Babake alikuwa akimleta hapo kila Jumamosi wakishapeleka maziwa. Waliketi meza hiyo hiyo. "Kuku ikikuja, Baba anachukua firigisi, anaikata katikati. Nusu yangu, nusu yake. Mimi ndio nilikuwa wa mwisho kuzaliwa, alikuwa ananipenda." Nilisikiliza kama ninavyosikiliza hadithi za fisi na sungura. Baba wa kumkatia msichana firigisi, wapi? Niliuliza kama alikuwa mgonjwa. Mama akasema hapana, alikuwa tu mtu wa namna hiyo.

Kuku akaletwa kwenye sinia, na ugali, na sukuma, na mchuzi wa rangi ya dhahabu. Firigisi ilikuwa juu, kahawia, inang'aa. Mama alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. Akachukua kisu akaikata katikati. Nusu akaiweka kwenye sahani yangu. Nusu nyingine akaishika kwa vidole, akafumba macho, akaipeleka mdomoni.

"Mama!" Nilipiga kelele ya kanisani, ile ya kuimba sauti ya kwanza. "Hiyo ni ya Baba!"

Hoteli nzima ikageuka. Kulikuwa na wanaume meza ya pili, na mmoja wao akacheka akapiga meza. "Huyo mtoto amefunzwa! Mama, umelea!" Weita naye akatikisa kichwa kwa furaha, "Huyo ni wetu kabisa, huyo." Nikavimba kifua kwa kusifiwa. Mama alikuwa bado ameishika nusu yake mbele ya mdomo, ilibaki kama upana wa kidole.

Akaishusha.

"Unataka tumpelekee Baba?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Si leo ni Ijumaa?"

"Na tukikaa hapa? Mimi na wewe, kwa Auntie Wanja? Ushone na mimi, usome hapa Kitale, Jumamosi tuwe tunakuja meza hii?"

Nilifikiria. Naapa nilifikiria, na andazi langu likiwa mfukoni. Kisha nikauliza swali ambalo lilionekana kwangu ni la maana kuliko yote. "Na Baba atapelekewa na nani?"

Mama alinitazama muda mrefu. Nina mtoto wangu mwenyewe sasa, na najua mtu anatafuta nini anapomtazama mtoto namna hiyo. Kisha akacheka kidogo kwa pua, akachukua nusu yangu, akaiweka karibu na yake. Akamwita weita. "Nifungie hizi kwa karatasi."

Tulikula kuku aliyebaki. Alikuwa mtamu, nisiseme uongo, mimi nilikula sana. Tulipopita kwa Auntie Wanja niliambiwa nisubiri varandani. Nilisikia sauti yake ikipanda, na ya Mama ikiwa pale pale chini. Auntie Wanja alitoka akanipa ule mto mdogo. Hakucheka safari hii. "Nenda nao, nyanya," aliniambia, na sikujua kwa nini ananiita nyanya.

Tulifika Kabuchai jua likizama. Baba alikuwa tayari kwenye kiti chake, viatu vimevuliwa, na Kukhu amesimama kando yake mikono kiunoni. Sikungoja waulize. Nilikimbia na ile karatasi nikipiga kelele, "Baba, tumekutafutia kuku mpaka Kitale! Tumekuletea imondo!"

Mikono ya Kukhu ilishuka kutoka kiunoni. "Mpaka Kitale?" Akamgeukia Mama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia akimsifu. "Huyu sasa ni mke."

Baba akafungua karatasi. "Mbona imekatwa?"

"Ilikatika," Mama akasema.

Akaila nusu ya kwanza, akaila ya pili. Mama alisimama na begi begani, macho kwenye mdomo wa Baba. "Iko aje?" akauliza.

"Imekauka kidogo," Baba akasema, akafuta vidole kwa karatasi ile ile. Mama akaingia ndani. Nilimfuata, nikamwona akitoa nguo zetu kwenye begi moja moja na kuzirudisha sandukuni, kisha akautundika mkasi kwenye msumari wake.

Alikaa. Wadogo zangu wawili walizaliwa baada ya hapo, na nawapenda, kwa hivyo hata kusema laiti nashindwa. Alishona kwa mkono miaka yote, vifungo vya wajukuu na mapazia ya kanisa. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kuhusu siku ile, akasema, "Tulitembea sana. Miguu iliniuma wiki nzima." Nikajiambia nikipata nafasi nitampeleka tena, tukae dirishani, niikate mwenyewe katikati, nusu yake, nusu yangu. Nafasi ikawa inapatikana mwaka ujao, halafu mwaka ujao. Hata ile hoteli sasa ni duka la simu. Namtamani Mama kwa namna ambayo sina jina lake, na zaidi namtamani yule wa Kitale, niliyemjua kwa siku moja tu.

Tulimzika mwaka jana. Auntie Wanja alikuja, amekonda, na tulipokuwa tumeketi nyuma ya hema aliniambia kile kitanda alikiacha kimetandikwa mpaka Krismasi. Hakunilaumu. Alisema tu hivyo. Ndipo binamu yake Baba akasimama na kipaza sauti kumsifu marehemu, na akasema nini? Kwamba mama huyu, wakati wa kideri, alisafiri mpaka Kitale kumtafutia mumewe kuku, na akamletea firigisi mkononi, na wasichana wa siku hizi wajifunze. Watu wakapiga makofi. Hadithi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeitoa nikikimbia uani, na imekaa miaka yote hiyo bila mtu kuirekebisha. Auntie Wanja alinishika goti, akalishikilia.

Baada ya mazishi wanawake walipakua, na bakuli la firigisi za kuku wote waliochinjwa siku ile nikapewa mimi niwapelekee wazee. Baba alikuwa kwenye kiti kile kile. Amezeeka. Alichukua moja, akaishika, akaiangalia kama hajawahi kuiona.

"Mama yako alikuwa anakula hii?" akaniuliza. "Nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa."

"Alikuwa anaipenda sana, Baba," nikamwambia. "Alikula mara ya mwisho kabla hujamwoa."

Kisha akairudisha kwenye bakuli, juu ya zile nyingine, akaniomba nimletee maji ya kunawa.